Kuuzuru Mji wa Mikindani: Boma, Tembo na Maana ya "Urithi wa Kijerumani"

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji mji wa Mikindani, ulioko katika ghuba ya jina hilohilo, yapata kilomita 10 kutoka Mtwara mjini kwa barabara iendayo Lindi. Mikindani ni miongoni mwa miji ya pwani ya Tanzania ambayo mgeni hupelekwa kuiona kwa ajili ya majengo yaliyosalia tangu zama za utawala wa Wajerumani, uliodumu hapo kutoka mwaka 1890 hadi 1916. Kwa desturi mgeni huonyeshwa vitu vitatu: Boma, jengo liitwalo Soko la Watumwa, na nyumba inayohusishwa na David Livingstone. Akishaviona hivyo huambiwa kwamba ameuona mji.

Huko Ulaya ziara ya namna hii ina sura inayofahamika: mji wa kale kando ya mto Rhine au Mosel, ngome kilimani, mashamba ya mizabibu mteremkoni, na kinywaji cha pale pale mwishoni mwa matembezi. Wahamiaji Walutheri kutoka Ujerumani walifika na sura hiyo hata Australia ya Kusini, walikoanza kukaa katika bonde la Barossa mwaka 1842, na hadi leo bonde hilo hujulikana kwa mvinyo na kwa makanisa yao. Katika Tanzania mtu angedhani kwamba mfano wa karibu ni Dodoma, mji uliokua pamoja na reli ya Wajerumani iliyofika hapo mwaka 1910, na ambao siku hizi ndio kitovu cha kilimo cha zabibu nchini. Lakini mizabibu ya Dodoma haikuletwa na Wajerumani. Ni ya wamisionari waliokuja baadaye sana. Mikindani, isiyo na mzabibu hata mmoja, inatufaa zaidi kwa mjadala huu, kwa kuwa hapo ngome, kilima, bandari na mti wa kugemwa vimekaa pamoja, na kwa kuwa hapo ndipo neno "urithi" linapoleta utata.

Hoja yetu ni ya kilugha kwanza, kisha ya kihistoria. Tunadai kwamba lugha ya Kiswahili, kama ilivyotumika na inavyotumika Mikindani, inamweleza mgeni habari za mji huu kwa usahihi kuliko kibao chochote kilichotundikwa ukutani. Mtafiti chipukizi anayefika na daftari lake, hasa yule asiyezaliwa kusini, atafanya vyema kuanza na maneno kabla hajaanza na kuta.

2.0 Jina la mji

Kimofolojia jina Mikindani halina fumbo kubwa. Ni nomino ya ngeli ya m-/mi- katika umbo la wingi, iliyopewa kiambishi cha mahali -ni: mi-kinda-ni, yaani kwenye mikinda. Maelezo yaliyoenea mjini ni kwamba mikinda ni minazi michanga. Shina -kinda linajulikana kwa kila msemaji wa Kiswahili kupitia kinda la ndege, na kuhamishwa kwa shina la kiumbe kichanga hadi kwenye mche wa mti si jambo la ajabu katika lugha za Kibantu. Basi mtu aliyeupa mji jina alisimama majini, akatazama ufuko, akaona minazi ambayo ilikuwa bado haijarefuka. Jina hilo ni la baharia au la mkulima. Halimtaji mfalme wala ngome.

Yapasa kukumbuka hilo kwa sababu lipo dai, lisemwalo mara nyingi kwa nia njema, kwamba Mikindani ni mji wa Waarabu uliofanywa mkubwa na Wajerumani. Akiolojia haikubaliani na dai hilo. Utafiti wa Matthew Pawlowicz katika eneo la ghuba, uliochapishwa miaka ya mwanzo ya 2010, ulionyesha kwamba watu wamekaa huko kwa takriban miaka elfu mbili, na kwamba kwa karne kadhaa za milenia iliyopita wakazi walikuwa na mahusiano ya karibu zaidi na bara kuliko na biashara ya Bahari ya Hindi. Matokeo hayo yamewatia mashaka wale waliozoea kuipima miji ya Waswahili kwa wingi wa vigae vya kutoka Uajemi na China tu. Mji unaweza kuwa wa pwani kweli kweli na bado ukautazama uwanda wa Makonde kuliko unavyoitazama bahari.

3.0 Mji kabla ya Boma

Katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa chini ya himaya ya Masultani wa Unguja, kwa kiasi ambacho himaya hiyo ilifika kusini. Pembe, watumwa, sandarusi na baadaye mpira wa mwituni zilishuka kutoka bara hadi ghubani. Nguo, shanga na bunduki zilipanda. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwepo, na nyumba zao za mawe ya matumbawe, baadhi zikiwa na milango ya nakshi, ndizo zinazoupa mji wa leo sehemu kubwa ya haiba yake. Wengi wa waliobeba bidhaa hizo, na wengi wa waliouzwa, walikuwa watu wa bara ya kusini: Wayao, Wamakonde, Wamakua na wengineo.

Livingstone alifika mwezi Machi 1866. Hakuwa amekusudia kuanzia Mikindani. Alitaka kuingia kwa mlango wa mto Ruvuma, ambao alikwisha kuuchunguza mwaka 1861 na 1862, lakini safari hii alikuwa na wanyama: ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, aliotaka kuwajaribu kuona kama wangestahimili mbung'o. Mikoko na matope ya mlangoni hayakuruhusu kuwashusha, basi akapanda na pwani hadi Mikindani, akapanga nyumba, akakaa siku chache, akaondoka kuelekea bara. Hakuurudia mji tena; alifia bara mwaka 1873. Habari nzima ya Livingstone na Mikindani ni hiyo, na ni ya majuma mawili hivi. Hata hivyo kibao cha kumbukumbu yake ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mgeni huonyeshwa. Msomaji atakubaliana nasi kwamba uwiano huo si mzuri: siku chache za mpangaji zimepata nyumba na kibao, ilhali wale waliopita hapo wakiwa na minyororo wamepata jengo ambalo jina lake hubishaniwa.

Kuhusu Soko la Watumwa, inatosha kusema kwamba jina linaweza kuwa la uwanja badala ya kuwa la kuta, na kwamba utumwa wenyewe haukukoma Wajerumani walipoingia. Amri yao ya mwaka 1904 iliwahusu watoto wa watumwa ambao wangezaliwa baada ya mwisho wa 1905. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mwongozaji anayesimulia kwamba Mjerumani alikuja kuwakomboa watumwa, na Boma likawa ndiyo alama ya ukombozi huo, anarudia propaganda ya kampeni ya mwaka 1888.

4.0 Boma

4.1 Neno

Ipo hekaya iliyoenea sana, hata miongoni mwa wasomi, kwamba "boma" ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayohusu utawala wa ng'ambo. Hekaya hiyo haina msingi wowote. Neno limo katika kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, na Henry Morton Stanley analitumia katika kitabu chake cha mwaka 1872, miaka mingi kabla ya Mwingereza kutawala Tanganyika. Boma ni ua wa miti au miiba au mawe uliojengwa kwa ajili ya kujihami, wa watu au wa mifugo. Wajerumani walilichukua neno hilo kutoka kwa Waswahili wakaliingiza katika maandishi yao ya kikoloni pamoja na askari, shauri, safari na mengineyo.

Basi katika mji huu jengo lihesabiwalo kuwa la Kijerumani kuliko yote lina jina la Kiswahili, na jina hilo halikuwa tafsiri. Afisa wa Kijerumani mwenyewe, akiandika kwa lugha yake, aliliita Boma. Alikubali kwamba kitu alichokuwa akikijenga kilikuwa na mahali pake tayari katika fikra za wenyeji: ua wa mtu mwenye nguvu na mwenye hofu. Watu hawajengi boma mahali wanapopendwa.

4.2 Jengo

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, na mwezi Agosti maofisa wa Kampuni wakaanza kupandisha bendera yao bandarini. Pwani ikalipuka. Wanahistoria wengi huihusisha vita hiyo na Abushiri bin Salim wa Pangani, na washairi wetu vilevile. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia utenzi kutoka upande wa kaskazini. Lakini kusini nako palichafuka. Kilwa maofisa wawili wa Kampuni waliuawa. Lindi na Mikindani waliponyoka. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi Mikindani haikuwa na Mjerumani. Walirudi mwezi Mei 1890 kwa manowari na majeshi ya Hermann Wissmann, baada ya kuikalia tena Kilwa na Lindi.

Boma lilijengwa mwaka 1895. Limekaa mteremkoni, juu ya mji, likiitazama ghuba. Kuta zake nene zimepakwa chokaa, juu zina meno kama ya ngome, na upande mmoja una mnara. Anayesimama pale anaona kila chombo kinachoingia ghubani, na kila mtu aliye chini anaona kwamba anatazamwa. Nyuma yake pana kilima ambacho vitabu vya wasafiri hukiita kilima cha Bismarck. Ujenzi wa mwaka huo haukuwa wa kubahatisha: mwaka 1895 ndio ambao Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa, na juu ya uwanda wa Makonde Machemba, mkuu wa Wayao, alikuwa bado hajatii. Machemba alikwisha kumpelekea Wissmann barua mwaka 1890, ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili. Katika barua hiyo alikubali urafiki na biashara, akakataa kuwa raia wa mtu. Alishikilia msimamo huo hadi mwaka 1899, alipovuka Ruvuma na kuingia upande wa Wareno. Wanafunzi wa historia ya nathari ya Kiswahili wangefaidika kuisoma barua hiyo kama matini ya Kiswahili. Kwa kawaida huisoma kwa tafsiri, kama waraka wa historia ya siasa tu.

4.3 Lugha iliyotoka Bomani

Wajerumani walitawala kwa kupitia maliwali, maakida na majumbe, na lugha ya utawala huo ilikuwa Kiswahili. Maofisa wao walijifunza Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa Berlin mwaka 1887, ambako walifundishwa pia na Waswahili wenyewe, akiwemo Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefika huko mwaka 1900. Carl Velten, aliyefanya kazi naye, ndiye aliyekusanya tarihi za miji ya pwani, zikiwemo za Kilwa, Lindi na Sudi, na kuzichapisha Berlin mwaka 1907. Kwa hiyo sehemu ya kumbukumbu za Waswahili wa kusini ilihifadhiwa na dola ileile iliyowafunga na kuwanyonga baadhi ya wakuu wao. Hatuoni sababu ya kuificha kinaya hiyo, wala ya kuitolea shukrani.

Huko Bomani barua za hati ya Kiarabu ziliachia nafasi polepole hati ya Kirumi. Kwa upande wa msamiati, Kijerumani kilituachia maneno machache kuliko inavyodhaniwa. Mawili yanastahili kutajwa. La kwanza ni shule, kutoka Schule. Kabla yake mtoto wa pwani alikwenda chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Shule ikawa ni ile nyingine, ya serikali, iliyomtoa karani na akida. Unguja, ambako Mjerumani hakutawala, watu husema skuli, kutoka Kiingereza. Mpaka wa maneno haya mawili ni mpaka wa dola mbili, na umedumu kuliko dola zenyewe. La pili ni hela, kutoka Heller. Hadi mwaka 1904 rupia ya koloni iligawanywa kwa pesa 64. Mwaka huo ikaanza kugawanywa kwa hela 100. Sarafu hiyo ya shaba ilitoweka baada ya vita, lakini jina lake likapanda cheo: sehemu ya mia ya rupia ikawa ndilo neno la fedha kwa jumla. Mmakonde aliyetakiwa kulipa kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1898, alipaswa kushuka na mpira au ufuta, au kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, ili aipate hela. Haielekei kwamba neno hilo liliingia katika lugha kwa furaha.

5.0 Nani mrithi?

Tufikie sasa neno lililotajwa katika kichwa cha makala. Vibao, vipeperushi na hata baadhi ya tasnifu za wanafunzi wetu huyataja majengo ya Mikindani kuwa "urithi wa Kijerumani". Tunashauri neno hili lichunguzwe. Urithi, kutoka Kiarabu, katika matumizi ya pwani ni neno la sheria: ni mali iachwayo na marehemu kwa watu waliotajwa, kwa mafungu yanayojulikana. Hakuna urithi pasipo mrithi. Katika Barossa swali hilo lina jibu, kwa sababu waliofika huko walikuwa walowezi na wajukuu wao wapo. Tena waliulipia ugeni wao: wakati wa vita kuu ya kwanza serikali ya Australia ya Kusini ilitunga sheria mwaka 1917 ya kuyafuta majina ya mahali yenye asili ya Kijerumani, na 69 yakabadilishwa. Mikindani hapakuwa na la kufuta. Wajerumani hawakuupa mji jina, hawakuacha jumuiya, na walipoondoka Septemba 1916, manowari za Waingereza zilipofika, Boma lilibadilisha bendera likaendelea na kazi ileile.

Lugha yetu ina maneno mengine. Kuna mabaki, ambayo husalia bila kukusudiwa. Kuna athari, ambayo ni alama iliyochorwa juu ya kitu na kitu kingine, iwe ya kheri au ya shari. Kuna amana, ambayo ni mali ya mtu mwingine uliyowekewa. Boma si urithi kutoka kwa Wajerumani kwa maana ya kisheria tuliyoieleza; ni athari ya utawala wao, iliyojengwa kwa mawe ya ghuba hii na kwa mikono ya watu wa huku. Likiwa ni urithi, basi ni urithi kutoka kwa mafundi na vibarua hao kwa wajukuu wao. Jambo hili lina matokeo. Anayeliita jengo urithi wa Kijerumani anakabidhi masimulizi yake kwa Mjerumani au kwa yeyote mwenye fedha za kulikarabati, na mwenyeji anabaki kuwa mlinzi wa mlango.

Ukarabati wenyewe tusiubeze. Mtwara ilipojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, pamoja na bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea, Mikindani ilinyang'anywa utawala na biashara. Mpango ule ulikufa mwaka 1951, reli ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini Mikindani haikurudishiwa kitu isipokuwa nusu ya jina la manispaa, iitwayo Mtwara-Mikindani. Boma lilikuwa linabomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililitengeneza, likaligeuza hoteli na mahali pa kuwafunzia vijana wa mji kazi za hoteli. Pasipo kazi hiyo leo tungekuwa tunajadili kifusi. Jambo tunalouliza ni nani anayeandika maelezo ya ukutani, na kwa lugha gani.

Tena kuna urithi uliokwenda upande wa pili. Kati ya mwaka 1909 na 1913, huko Tendaguru katika mkoa jirani wa Lindi, wataalamu wa Makumbusho ya Berlin walichimba mifupa ya dinosaria yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Mamia ya vibarua walichimba, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa siku nne hadi bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa kuliko wote amesimama Berlin mpaka sasa. Mgeni kutoka Ujerumani anayeambiwa Mikindani kwamba taifa lake liliacha urithi kusini mwa Tanzania angestahili kuambiwa siku hiyohiyo kile ambacho lilichukua. Rais Frank-Walter Steinmeier alipoomba radhi Songea mnamo tarehe 1 Novemba 2023 kwa maovu ya vita vya Majimaji, alizungumza juu ya watu waliouawa na juu ya mabaki yao. Suala la mali lilibaki likijadiliwa. Kwa utenzi wa vita hivyo, msomaji anaijua kazi ya Abdul Karim bin Jamaliddini, ambaye alikuwa mtu wa Lindi, si wa Songea wala wa Dar es Salaam.

6.0 Mvinyo wa mji usio na mizabibu

Kiswahili hakina neno lake la asili kwa kinywaji cha zabibu. Mvinyo tulilipata kwa Wareno, kutoka vinho. Divai kwa Wafaransa. Na zabibu yenyewe ni ya Kiarabu. Kamusi za zamani hata zilimpa mvinyo maana ya kileo kikali. Lakini kwa kinywaji cha mnazi lugha ina shamba zima la msamiati: tembo, kugema, mgema, kotama ambayo ni kisu kipindacho cha kukatia karara, na kibuyu cha kukingia. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na baada ya hapo ni siki ya kupikia. Mji ulioitwa kwa jina la minazi michanga ulikuwa, kwa maana hiyo, na shamba lake la "mizabibu" tangu siku ulipopewa jina. Kwa kuwa Mikindani ni mji wa Waislamu, ugemaji hautangazwi. Hufanyika pembezoni, na mgeni mwenye adabu haulizii mbele ya msikiti.

Katika uwanda na vijiji vya jirani kinywaji cha msimu ni uraka. Mkorosho, au mkanju, uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Kutoka katika tunda hilo wakulima huuza korosho. Bibo lenyewe, ambalo ni zito mara kadhaa kuliko korosho yake, huharibika kwa siku moja au mbili. Mabibo hukamuliwa, maji yake yakachacha yakawa uraka, na uraka ukitoneshwa kwa moto huwa nipa, jamii ya gongo, ambayo sheria imekataza isipikwe bila ya leseni. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, karibu na Mtwara, wamekuwa wakiwafundisha wakulima kutengeneza juisi na mvinyo wa mabibo ili tunda lisioze chini ya mti.

Jambo hili si dogo kiuchumi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, sehemu kubwa zikitoka kusini. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 20,000, kwa sababu ya kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei duni, na ugonjwa wa ubwiriunga. Uzalishaji ulikuja kupanda tena, ukichangiwa na mbinu za kunyunyizia salfa zilizotafitiwa Naliendele. Anayetaka kujua wakazi wa Mikindani wanaishije, kwa hiyo, aende katika msimu wa Oktoba hadi Desemba. Atakuta mji hauzungumzi habari za Boma hata kidogo. Unazungumza bei.

7.0 Mlango wa Ruvuma

Ziara ya Mikindani haikamiliki bila kufika mlangoni mwa Ruvuma, kusini ya Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Hapo hakuna jengo la kuonyeshwa. Kuna mikoko, mitumbwi, na ng'ambo ya pili ya mto pwani ya Msumbiji.

Mkataba wa Wajerumani na Wareno wa mwaka 1886 uliufanya Ruvuma kuwa mpaka, lakini mwaka 1894 Wajerumani walivuka wakakikalia kipande cha ardhi kusini ya mlango, kiitwacho Kionga, ili pande zote mbili za maingilio ziwe zao. Wareno walikirudisha mwezi Aprili 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Kwa miaka 22, basi, watu wa Kionga walikuwa raia wa Berlin, kisha wakawa wa Lisbon, na hawakuhama hata hatua moja. Walio kaskazini walijifunza kusema shule. Watoto wa walio kusini wakasema escola. Nyumbani pande zote mbili ziliendelea na Kimakonde na Kiswahili cha pwani, na kusini zaidi huko Cabo Delgado Kimwani, lugha ambayo wataalamu wetu wameisoma kidogo mno ikilinganishwa na Kimvita au Kiamu.

Mtafiti atakayetaka kuvuka hana budi kuuliza kwanza habari za usalama, kwa kuwa vita vya Cabo Delgado vilivyoanza mwaka 2017 vilifika Kitaya, upande wa Tanzania, Oktoba 2020, na Palma, ambayo Kionga imo wilayani mwake, Machi 2021. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana upande wa juu wa mto, Mtambaswala, likielekea Negomano. Na Negomano ndipo Lettow-Vorbeck alipovukia na askari wake Novemba 1917, akiiacha nyuma yake ardhi ambayo Wajerumani hawakuitawala tena.